Ndiyo ya Pumzi

Majvor Lidström aliendesha basi la maktaba muda mrefu hata watu wa vijijini wakaacha kuliita basi la maktaba. Walisema tu, "Majvor amefika." Mimi nilikuwa nyuma, kwenye rafu, nikipokea vitabu na kutoa vingine, na mpangilio huo ulitufaa sote wawili.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na tangu asubuhi kifuko cha ugoro kilikaa chini ya mdomo wake wa juu. Hakusoma vitabu. Alisema anavibeba vya kutosha, havihitaji kumwingia kichwani pia. Lakini alijua nani amevunjika nyonga na hawezi kushuka hadi barabarani, na kwa mtu huyo alilirudisha basi kinyumenyume katikati ya kuta za theluji mpaka mlango wa basi ukatazamana na mlango wa nyumba. Kisha alizima injini, akakunja mikono, akasubiri, kana kwamba ni jambo la kawaida.

Maneno hakuwa nayo mengi. Huku kwetu kaskazini hata ndiyo mara nyingi haitamkwi. Inavutwa. Mtu anafungua midomo kidogo, anavuta hewa ndani kwa ghafla, fyup, kama aliyedondokewa na tone la maji baridi shingoni, na jambo limekwisha: amekubali. Tunaipata utotoni kabla ya maneno, na hatujui kwamba tunaifanya. Majvor aliweza kumaliza siku nzima kwa fyup peke yake, na jioni akaongeza sentensi moja kuhusu barabara.

Mwezi wa Februari tulikuwa tumesimama kituo cha Granliden. Evert, mzee aliyekuwa mkata miti, alipanda ngazi na mfuko wake wa hadithi za mauaji. Kila mara huzirudisha akilalamika kwamba amemjua muuaji mapema mno. Siku hiyo macho yake yalitua kwenye kiti cha dereva.

"Naona umejitandikia taulo," alisema. "Umekuwa malkia lini?"

"Kiti cha baridi."

"Miaka yote hiyo kilikuwa cha moto?"

"Chukua kitabu chako, Evert."

Mzee alipoondoka, Majvor alishuka kutazama gurudumu, nami nikaliona taulo. Doa halikuwa kubwa, lakini lilikuwa jekundu bichi. Nilijitia kupanga vitabu. Aliporudi alizitazama nyuso zote mbili, yangu na ya taulo, akajua nimeona.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Krismasi. Kidogo kidogo."

"Lakini wewe si ulishaacha..."

"Nilishaacha kabla hujaja hapa na digrii yako."

Nilisoma mahali fulani, na yeye alijua bila kusoma, kwamba mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu tena, hata tone, lazima achunguzwe. Mara nyingi huwa si kitu. Mara nyingine huwa saratani ya mfuko wa uzazi, nayo ikiwahiwa hutibika vizuri. Mama yake Majvor alivuja mwaka mzima akisema ni uzee. Alipokubali kupelekwa hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye mfuko wa uzazi na kushika sehemu nyingine. Majvor ndiye aliyemwosha na kumbadilishia mashuka hadi mwisho. Hii damu alikuwa ameshaiona.

"Utakwenda kwa daktari?"

Alifuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu. Akawasha injini. Tulipofika njia panda ndipo aliponijibu: fyup.

Kituo cha afya kilimpeleka hospitali upesi. Walimpima kwa picha ya mawimbi ya sauti, wakaona utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, ambao kwa umri wake ungepaswa kuwa mwembamba kama karatasi, umenenepa. Picha haikuweza kusema zaidi ya hapo. Ilibidi mtu aingie kuona kwa macho. Walimwelezea kwamba siku hizi hawapasui wala hawamlazi mtu: kuna mrija mwembamba wenye kamera, unapita njia ya kawaida, maji ya chumvi yanafungua nafasi, daktari anatazama kwenye skrini, anachukua kipande cha kupeleka maabara, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo kwa miguu yake.

Majvor aliniambia hayo yote akiwa amelala chini ya basi, akiangalia bomba lililovuja, hivyo sikuuona uso wake.

"Nikupeleke?"

Koleo liligonga chuma mara kadhaa. Fyup.

Siku ya kwenda alikaa upande wa abiria wa gari langu dogo, mikono magotini, akikanyaga breki ambayo haikuwepo kila nilipokaribia kona. Kabla ya kuondoka alikuwa amemeza dawa za maumivu alizoagizwa. Misonobari ilipita pande zote mbili. Baada ya muda mrefu alisema:

"Basi linahitaji dereva asiyeogopa kurudi nyuma."

"Kwa nini unaniambia?"

"Nasema tu. Wakitafuta mwingine, wasituletee kijana wa kutazama kioo kimoja."

"Majvor, hawajakuona bado."

"Mama naye walimwambia hawajamwona bado. Angalia barabara."

Hospitali ilikuwa ya kimyakimya kama zilivyo zetu, yenye sakafu zinazong'aa na kahawa ya mashine. Muuguzi aitwaye Anneli, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alikuja kumchukua. Alikuwa wa huku, kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya mto tu. Alimtazama mdomoni.

"Huo ugoro utautoa?"

"Ugoro uko juu," alisema Majvor. "Nyinyi kazi yenu iko chini."

"Haya. Lakini ukiumeza mimi sipo."

Mlango ukafungwa, nikabaki kwenye benchi na kitabu nilichokishika bila kufungua ukurasa. Yaliyotokea ndani nimeyapata kwao wawili, kwa Majvor vipande vipande, na kwa Anneli kwa ukamilifu.

Daktari aliitwa Milena. Alizaliwa Bulgaria, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kusini mwa nchi, na hiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza kwetu. Lugha aliijua vizuri. Alikuwa na desturi moja ambayo kule alikotoka wagonjwa walimpenda kwayo. Alimweleza Majvor kabla ya kuanza, akiwa amekaa kwenye kigoda ili macho yao yalingane:

"Wanawake wengi hawasemi wanapoumia. Wanavumilia, wanaona haya. Kwa hiyo mimi sisubiri neno. Ninasikiliza pumzi. Nikisikia umeshtuka, umekata pumzi, ninasimama hapohapo. Sawa?"

Majvor aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelala chali, miguu imewekwa kwenye vishikio, shuka limefunika magoti, na kati ya maneno yote hayo alikuwa amesikia tu "wengi" na "wanavumilia". Macho yake yalikuwa kwenye skrini iliyokuwa bado nyeusi.

Mrija uliingia. Alisikia baridi ya maji, halafu kubanwa tumboni kama siku za hedhi za ujana. Haikuwa raha, lakini si kitu ambacho mtu aliyewahi kubadilisha gurudumu la basi kwenye baridi ya kugandisha kope angekipa jina la maumivu. Skrini ikawaka. Kukatokea njia nyekundu iliyopauka, kama pango lenye kuta laini, na vijiuzi vyeupe vikipeperuka ndani ya maji.

"Hapa ni mlangoni," daktari alisema. "Unaendelea vizuri. Anneli, maji yanakaribia kwisha."

Anneli alitoka kuchukua mfuko mwingine chumba cha pili. Wakabaki wawili.

"Sasa naingia ndani kabisa," alisema Milena. "Niendelee?"

Fyup, alifanya Majvor.

Mkono wa daktari ulisimama. Picha kwenye skrini ikaacha kusogea.

"Pole," alisema daktari, kwa sauti ya chini zaidi. "Tupumzike kidogo. Tulia."

Majvor alitulia. Alishatulia tangu mwanzo. Kwenye skrini, pembezoni, kulikuwa na kitu: kivimbe, nusu yake tu, kikining'inia gizani. Hakujua ni nini. Alijua tu kwamba daktari alikuwa anakwenda vizuri, kisha akafika pale, akasimama, na sauti yake ikabadilika.

"Uko sawa?" aliuliza Milena.

Fyup.

Daktari akaurudisha mrija nyuma kidogo. Kivimbe kikatoweka. Majvor alishika kingo za kitanda.

"Nijaribu mara moja tena, taratibu sana?"

Fyup, kwa nguvu zaidi, maana alitaka sana aendelee. Alitaka kukiona kile kitu chote.

"Hapana," alisema daktari, kama anayejiambia mwenyewe. "Hapana, sitafanya hivi." Akautoa mrija. Skrini ikarudi kuwa nyeusi. Akavua glavu, akaweka kiganja juu ya goti la Majvor lililofunikwa. "Tutaishia hapa kwa leo. Nitakuandikia nafasi, ufanyiwe ukiwa umelala usingizi kabisa, chumba cha upasuaji. Huenda ikachukua wiki kadhaa. Itakuwa bora kwako. Una swali lolote?"

Swali lilikuwa moja, na Majvor hakuliuliza. Mtu wa huku haulizi kitu ambacho jibu lake ameshalisoma usoni. Aliona macho ya huruma. Alisikia chumba cha upasuaji. Mama yake pia alishikwa goti.

"Sina," alisema.

Milena alitoka kwenda kunawa na kuandika. Anneli aliyekuwa anarudi na mfuko wa maji alipishana naye mlangoni, akaambiwa maneno mawili matatu, akauweka mfuko chini. Alileta sharubati ya zabibu nyeusi ya moto na andazi la mdalasini, kama wanavyofanya, na kumkuta Majvor nyuma ya pazia, amekaa na shuka mapajani, soksi moja mkononi.

"Pole sana," alisema Anneli. "Iliuma kweli?"

"Haikuuma."

"Unaweza kuniambia, mimi si daktari."

"Nimekwambia haikuuma." Majvor aliitazama soksi. "Ameona kitu. Kilikuwa kinaning'inia. Alipokiona tu akasimama. Ana haki ya kutosema, nami sitaki kusikia mara mbili. Lakini usinifanye mtoto, Anneli."

Anneli aliweka kikombe chini.

"Hajaniambia ameona kitu. Ameniambia ameshindwa kuendelea kwa sababu unaumia. Anasema kila akikuuliza unakata pumzi."

"Mimi?"

"Mara tatu, anasema."

"Sikukata pumzi yoyote. Aliniuliza, nikamjibu."

"Ulimjibu nini?"

"Aendelee."

"Ulisema 'endelea'? Kwa mdomo?"

Majvor alimkazia macho, kama anavyomtazama mtu anayeuliza kama basi lina magurudumu.

"Nilisema ndiyo."

"Ulisemaje hiyo ndiyo, dada yangu? Nioneshe."

Majvor akafungua midomo. Fyup.

Anneli alianza kucheka, akajizuia, kisha akaona uso wa yule mama umekuwa mweupe kama mashuka, na kicheko kikamwisha.

"Nisubiri," alisema. "Usivae."

Mimi kwenye benchi nilimwona akipita karibu anakimbia, viatu vyake vikilia sakafuni, nami nikasimama. Moyo wangu uliniambia jambo moja tu. Baada ya muda kidogo alirudi na daktari, ambaye alikuwa amebeba kofia yake ya kazi mkononi na uso mwekundu hadi masikioni. Mlango ulifungwa tena. Nilikaa.

"Nasikia mmekuwa mkizungumza," Anneli alisema ndani, "kila mtu kwa lugha yake."

Milena alivuta kigoda, akakaa palepale alipokuwa amekaa mwanzo.

"Nilidhani nakuumiza," alisema. "Nilisema moyoni, huyu mama anateseka na hasemi. Hiyo ni ndiyo yenu?"

Majvor akavuta pumzi, akajikamata katikati, akakohoa ugoro.

"Hiyo," alisema.

"Na mimi nimekuogopesha."

"Ulishika goti."

"Kwani goti ni nini?"

"Achana nalo," alisema Majvor. "Ulikiona kile kitu, au hukukiona?"

"Wakati ule sikuangalia skrini. Nilikuwa nasikiliza pumzi zako. Umekiona wewe?"

Hapo ndipo tumaini na hofu vilipomrudia pamoja, kwa sababu sasa ni yeye aliyekuwa amekiona na si daktari. Kulikuwa na kitu kweli.

"Unataka tuache, upewe usingizi siku nyingine?" aliuliza Milena. "Au tumalizie leo? Naomba jibu la sauti."

"Leo."

"Na nikikuuliza tena?"

"Nitasema."

Basi Majvor Lidström alilala chali tena, akaongea. Anneli anasema hajawahi kuona mtu wa huku akiongea hivyo. Alisema "ndiyo" mrija ulipoingia, "ndiyo" maji yalipofungua, "ndiyo, sasa panabana, lakini endelea." Alipokosa la kujibu alianza kutaja vituo vya basi kwa mpangilio, kuanzia kanisani hadi juu mlimani, na daktari akamfuata kituo kwa kituo. Walipofika Granliden, kivimbe kilijaa kwenye skrini.

Kilikuwa cha rangi ya waridi, laini, kimeshikilia ukuta kwa kikonyo, kinayumba ndani ya maji kama tunda lililosahauliwa mtini.

"Ni kinyama kilichoota," alisema Milena. "Tunaviona sana. Hiki ndicho kinachoweza kuwa kinavuja damu. Nataka kukitoa sasa, na nichukue na kipande cha utando wa pembeni. Utasikia nimevuta. Niendelee?"

"Endelea. Ni mbaya?"

Alikuwa ameuliza. Anneli anasema Majvor mwenyewe alishtuka.

"Kwa macho kinaonekana kipole," alisema daktari. "Lakini macho yangu si maabara, na leo nimeshakosea mara moja. Tusubiri maabara."

Kikakatwa, kikatolewa, kikawekwa ndani ya kichupa kidogo chenye maji. Majvor aliomba kukiona. Alikitazama kwenye mwanga wa dirisha, akarudisha.

"Kwa kitu kidogo hivyo," alisema, "kimesumbua watu."

Wiki zilizofuata ndizo zilizokuwa mbaya kuliko mrija. Damu ilikatika, lakini taulo halikuondoka kwenye kiti. Majvor alisimama vituoni kama kawaida, alirudi kinyumenyume milangoni kama kawaida, ila simu alikuwa ameibandika kwenye kishikio mbele ya usukani, na ilipolia kwa sababu yoyote alikwama, mguu juu ya breki, hadi ajue ni nani. Siku moja nilileta kahawa ndani ya chupa na vipande vya jibini vya kudumbukiza humo kama ilivyo desturi yetu, anavyovipenda. Alikula jibini lote, akaiacha kahawa ipoe.

Tulikuwa Granliden ilipolia namba ya hospitali. Injini ilikuwa imezimwa, na Evert alikuwa nyuma kwenye rafu za mauaji, mgongo umetugeukia. Majvor alibonyeza. Sauti ikajaa basi zima kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika, na hakukumbuka kuitoa.

"Majvor? Ni mimi, Milena. Unaweza kuzungumza?"

"Zungumza."

"Maabara wamejibu. Nimeona nikupigie mwenyewe."

Nilimwona akiushika usukani kwa mikono yote miwili, kama tunashuka kwenye barafu.

"Kwa hiyo," alisema. Akasita. Kisha akauliza swali ambalo mara ile ya kwanza hakuliuliza. "Ni salama? Hakuna saratani?"

Kwenye spika ikasikika pumzi, ya ghafla, imekatwa. Baada yake kimya.

Majvor alipauka usoni. Nimemwona akiteleza na basi hadi ukingoni mwa mtaro bila kubadilika rangi. Nyuma, Evert aliacha kugeuza kurasa.

"Majvor?" alisema daktari. "Upo? Nimekujibu."

"Umenijibu nini?"

"Ndiyo. Fyup. Si ndivyo mnavyosema? Nimefanya mazoezi na Anneli wiki nzima." Sauti ikaingiwa na wasiwasi. "Nimekosea? Ni kinyama cha kawaida, hakina kitu kibaya. Na utando wa pembeni ni safi. Ukiona damu tena, hata tone, unarudi. Lakini sasa hivi hakuna saratani, Majvor. Hakuna."

Majvor aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Honi ikalia, ndefu, hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka.

"Ulikosea," alisema alipoinuka, akifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Umeivuta sana. Nilidhani ninakufa."

"Basi sasa unajua nilivyojisikia mimi," alisema daktari, na wote wawili wakacheka, kila mmoja upande wake wa nchi ya misitu.

Simu ilipokatika, Evert alikuja mbele na vitabu vyake viwili kifuani. Aliangalia kioo, aliangalia theluji, aliangalia kila mahali isipokuwa kwa Majvor.

"Nani huyo aliyekuwa anashtukashtuka kwenye simu?" aliuliza.

"Daktari. Bado anajifunza kuongea."

"Ana safari ndefu," alisema Evert. Alishuka ngazi moja, akasimama. "Wiki ijayo utakuja wewe?"

"Nani mwingine anaweza kufika mlangoni kwako?"

Mzee akavuta pumzi yake, fyup, akaenda zake.

Majvor alilitoa taulo kwenye kiti, akalikunja, akalitupa kwenye kapu la takataka karibu nami. Alikaa, akavuta mkanda, akashika ufunguo. Nilikuwa nimesikia kila kitu, lakini nilitaka kusikia kwake.

"Kwa hiyo uko sawa," nilisema.

Aliniangalia kwenye kioo. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama kawaida, nami nikangoja ile pumzi. Haikuja.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti iliyofika hadi rafu ya mwisho, akawasha injini.